Ramli ya Kalamu za Rangi

Imeenea miaka hii, katika ofisi za mashirika ya misaada na katika semina za walimu, magazetini na hata mimbarini, rai moja ambayo kwa wingi wa kukaririwa imekwisha kuvikwa joho la ukweli pasipo kuulizwa ithibati yake. Nayo ni kwamba mtoto aliyekimbia vita vya Masisi au Walikale, mashariki ya Kongo, akitiwa mkononi karatasi na kalamu za rangi, naye akachora mistari isiyofanana na kitu chochote cha duniani, basi mistari ile ni batini yake iliyodhihirishwa, na mtu mwenye elimu aweza kuisoma kama asomavyo waraka. Nyeusi ni mauti. Nyekundu ni damu. Duara lililofungwa ni upweke, msokoto usiokoma ni fadhaa, na pale kalamu ilipokandamizwa hata karatasi ikatoboka, hapo pana ghadhabu. Kisha mchoro hupigwa picha, huandikiwa maneno mawili matatu chini yake, na husafiri hadi Geneva au Brussels kabla mtoto mwenyewe hajaulizwa jina la babu yake.

Insafu yataka tuieleze rai hii kama wanavyoieleza walio bora miongoni mwa wenye nayo. Wao husema hivi: hofu kubwa hufunga ulimi, na mtoto wa miaka sita hana msamiati wa kuyatajia aliyoyaona njiani alipokuwa akitoka Nyabiondo au Pinga, mkono huutangulia ulimi, na kwa kuwa mtoto hajui ni nini kinachotafutwa katika mchoro wake, hana njia ya kukificha, rangi na umbo huigusa nafsi kabla ya akili, kwa kila binadamu, popote alipo, na mchoro usio na sura ya kitu huushinda mchoro wa nyumba au wa mti kwa uaminifu, maana hakuna kitu cha nje kilichoigizwa ndani yake, imebaki hisia tupu. Hoja hizi zimefumwa kwa ustadi, na ndiyo sababu zimepata wafuasi wengi. Lakini mfumo wake ni wa nyuzi chache, na kila uzi, ukivutwa kidogo, hukatika.

Kwanza, juu ya rangi

Anayesema kwamba nyeusi ni mauti hana budi kwanza atuambie mtoto yule alikuwa ameketi juu ya nini. Mugunga, magharibi ya Goma, ambako watu wengi wa Masisi walisimamisha vibanda vyao hata kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji, ni nchi ya jiwe la volkano lililoganda, jeusi toka mlangoni pa kibanda hadi upeo wa macho, lenye kukata nyayo za watoto na kuchana nguo zao. Mtoto aliyeambiwa achore anachotaka, akaikwaruza karatasi nzima kwa nyeusi, huenda amechora mauti. Huenda pia amechora sakafu. Nyekundu nayo wanaiita damu, kana kwamba watu wa Sake hawajapata kuliona usiku wingu lililo juu ya Nyiragongo likiwaka kwa mwanga wa ziwa la moto lililo tumboni mwake, mlima ule ule ambao tarehe 17 Januari 2002 uliteremsha moto hadi katikati ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ukateremsha tena hadi kingoni mwa mji. Na huyo wa Walikale, ambaye barabara yake ni udongo mwekundu na chakula chake hakikamiliki pasipo mawese, ameizoea rangi ile toka asubuhi hadi jioni pasipo mtu yeyote kuchinjwa.

Fauka ya hayo, kuna jambo ambalo mwalimu yeyote aliyepata kugawa kalamu darasani analijua, na ambalo sijaona likitajwa katika fasili hata moja: sanduku la kalamu huwa moja, watoto huwa wengi, na wenye mikono myepesi hutangulia. Njano na buluu huondoka kwanza. Anayebaki mwisho huchukua iliyobaki, aghalabu nyeusi au kahawia, na kwa hiyo yule anayeandikwa kuwa ameelemewa na giza la nafsi huenda ni mtoto mpole tu aliyewapisha wenziwe. Upole haujawekewa mstari katika daftari za wafasiri.

Wanaopenda kuitegemeza rai hii juu ya majina makubwa humtaja Wassily Kandinsky, mchoraji wa Kirusi ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 alidai kwamba kila rangi ina mtikiso wake katika roho. Lakini huyo huyo, mwaka 1923, alipokuwa akifundisha katika chuo cha Bauhaus mjini Weimar, aligawa hojaji akiwataka watu watie njano, nyekundu na buluu katika pembetatu, mraba na duara, kila rangi katika umbo lililoifaa. Wengi walimjibu kama alivyotaraji, wala si wote. Tazama basi miujiza ya elimu: jambo ambalo lilihitaji kupigiwa kura katika chuo kimoja cha mji mmoja wa Ujerumani, baina ya watu waliokula meza moja na kusikiliza mihadhara ya mwalimu yule yule, linapelekwa Kitchanga, katika Masisi, miaka mia moja baadaye likiwa kanuni isiyohitaji tena kuulizwa.

Pili, juu ya mistari na wajuzi wake

Mwaka 1969 Rhoda Kellogg, Mmarekani aliyetumia umri wake kukusanya michoro ya watoto wadogo kutoka nchi nyingi, alitoa kitabu alimoonyesha kwamba mikwaruzo ya awali ya mtoto yaweza kupangwa katika namna 20 za msingi: nukta, mstari wa wima, mstari wa mlalo, msokoto, duara, na kadhalika; na kwamba watoto wa mataifa mbalimbali huipitia mikwaruzo hiyo kabla ya kuchora mtu au nyumba. Maana yake ni nini kwa shauri letu? Ni kwamba msokoto unaoitwa fadhaa Masisi ni ule ule wa mtoto wa kisiwa cha Idjwi aliyelala usiku kucha kwa amani akisikia mawimbi ya ziwa, na wa mtoto wa Lindi, na wa mtoto wa Oslo. Anayetaka kuthibitisha kwamba vita vimeuchora msokoto huu lazima atuletee kwanza misokoto ya watoto wasioonja vita, aichanganye yote, afiche majina, kisha atutengee ya vita na ya amani. Mtihani huu ni rahisi na hauhitaji fedha nyingi. Mpaka utakapofanywa hadharani na kufaulu, hatudaiwi kuamini.

Watasema kwamba mjuzi haangalii msokoto pekee, huangalia jumla, na kwamba jicho lililozoea huona lisiloonwa na wengine. Hapa ndipo pagumu kwao. Desturi ya kusoma nafsi za watu katika michoro yao ilipata kitabu chake mashuhuri mwaka 1949, mwanasaikolojia Karen Machover alipofundisha kwamba sura ya mtu iliyochorwa na mgonjwa ni ugonjwa wake: macho makubwa ni dhana mbaya kwa watu, kichwa kikubwa ni wasiwasi juu ya akili, na mengine ya aina hiyo. Mwaka 1967 wanasaikolojia Loren na Jean Chapman waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu, wasiojua kitu katika fani hiyo, michoro ambayo kila mmoja ulibandikwa maelezo ya tabia ya aliyeuchora. Maelezo hayo yalikuwa yamegawiwa pasipo uhusiano wowote na michoro. Wanafunzi wale wakaapa kwamba wamegundua, kwa macho yao wenyewe, kuwa macho makubwa huenda pamoja na dhana mbaya! Walikiona kile kile walichokiona mabingwa, mahali ambapo hakikuwapo. Alhasili, uzoefu wa jicho lile haukutoka katika michoro. Ulikuwamo vichwani mwa watazamaji kabla ya mchoro kufunuliwa, na kila mchoro mpya uliongeza yakini pasipo kuongeza elimu.

Na kumbuka kwamba Machover angalau alikuwa na kichwa, shingo na mikono ya kushikia hoja. Hawa wetu hawana hata hivyo. Wana mistari mitupu. Mpiga ramli wa pwani, ambaye wasomi hao hao humcheka, ana adabu mbili wasizo nazo: nukta zake huzichora kwa mkono wake mwenyewe, asimsingizie mtu mwingine, na kabla ya kufasiri humwuliza mteja ni shida gani iliyomleta.

Tatu, juu ya lugha isemwayo kuwa ya ulimwengu

Hili tulipitie upesi, maana halina kina. Mdomo mmoja unasema kwamba rangi na mistari ni lugha ambayo kila binadamu huielewa pasipo mkalimani, na mdomo ule ule unaomba fedha za kumleta mtaalamu wa kuifasiri. Ikiwa yaeleweka na wote, shangazi wa mtoto aketiye naye kibandani amekwisha kuielewa. Na ikiwa haieleweki ila kwa mtaalamu, basi si ya wote. Kuna na kundi jingine, la wapenda sanaa, linalosema kwamba mchoro wa namna hii una maana yoyote aionayo mtazamaji, kila mtu na lake. Hilo lafaa kwa picha iliyotundikwa sebuleni kwa tajiri. Kwa mtoto ambaye kesho itaamuliwa, kwa mujibu wa mchoro wake, kama atatiwa katika orodha ya wagonjwa au hatatiwa, ni uhuru wa ajabu: mtazamaji yu huru, mtazamwa amefungwa.

Nne, juu ya mtoto asemwaye kuwa hana maneno

Ni kweli kwamba hofu hufunga ulimi. Lakini katika wilaya za Masisi na Walikale kuna sababu nyingine ya kimya, iliyo karibu zaidi na isiyopendwa kutajwa, nayo ni kwamba anayeuliza hajui lugha ya anayeulizwa. Watoto hawa wanazo lugha: Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo, Kikano, na juu ya hizo Kiswahili cha sokoni. Muulizaji ana Kifaransa, na pengine Kiingereza. Mkutano huo ukimalizika kwa kimya, taarifa huandikwa kwamba mtoto ameshindwa kusema. Wala sijapata kusikia taarifa iliyoandika kwamba muulizaji ameshindwa kuuliza. Kisha kalamu za rangi huletwa zizibe pengo, na ububu wa mgeni hugeuzwa ugonjwa wa mwenyeji.

Na wenyeji wa nchi hii si watu waliokosa maneno ya kunenea mateso ya watoto. Mwaka 1956, miongoni mwa Wanyanga wa Walikale, mwimbaji aitwaye Candi Rureke alisimulia na kuimba, kwa muda wa siku kumi na mbili, kisa cha Mwindo, ambacho Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikichapisha mwaka 1969. Ni kisa cha mtoto ambaye baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka azaliwe mwana wa kiume, na alipozaliwa alimtupia mikuki, akamfukia, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto akaokoka, akamtafuta shangazi yake Iyangura, akarudi na kumfuata baba hata kuzimu kwa Muisa. Hofu, ghadhabu, kiburi, toba, mapatano, yote yamenenwa humo kwa ulimi, mbele ya hadhira iliyoitikia kwa nyimbo. Watu waliokuwa na utendi wa namna hii juu ya mtoto aliyewindwa na mzazi wake hawakuwa wakingojea sanduku la kalamu lifunguliwe ndipo wapate kuisema huzuni.

Tano, juu ya elimu ya kufasiri iliyokuwapo na ikavunjwa

Hapa nataka kukaa kitako, kwa sababu ndipo upofu wa rai hii ulipo mkubwa kuliko pote. Wenye rai hiyo hudhani kwamba kufasiri maumbo yasiyo na sura ya kitu ni elimu waliyokuja nayo ndani ya mabegi yao, ilhali kusini ya Walikale, miongoni mwa Warega wa Shabunda, Pangi na Mwenga, palikuwa na chama kilichojengwa juu ya elimu hiyo hiyo kwa vizazi vingi. Chama hicho ni bwami. Mtu alipanda humo daraja kwa daraja, pamoja na mkewe, kwa mali aliyoikusanya na ukoo wake na kwa tabia iliyopimwa na wakubwa, mpaka wachache wakafika kindi, daraja ya juu ya wanaume. Katika kila daraja alionyeshwa vitu: vinyago vidogo vya mbao vyenye uso mfano wa moyo uliopakwa udongo mweupe, sanamu za pembe za ndovu zilizotobolewa nukta na kuzungushiwa miduara, na pamoja navyo vitu vya porini ambavyo mgeni asingevitazama mara mbili, kama fuvu la nyani, gamba la kakakuona, au mdomo wa hondohondo.

Sasa, mtu wa bwami akionyeshwa sanamu yenye nukta, je, aliulizwa anahisi nini? La. Kitu kilitolewa mfukoni katika saa yake, kikachezewa ngoma, kikasemewa methali. Na methali hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake kwa siku ile, mahali pale, kwa watu wa daraja ile. Kinyago kile kile kingeweza siku nyingine kusemewa methali nyingine, kikaonya juu ya uchoyo mahali ambapo jana kilisifu utulivu. Wala hakikuvaliwa usoni sikuzote: kilishikwa mkononi, kikabandikwa kipajini, kikaburutwa kwa ndevu zake, kikatundikwa uani. Sanamu ya mwenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, haikuwa picha ya nafsi iliyopasuka, kama ambavyo mfasiri wetu angekimbilia kuandika. Ilikuwa sifa ya mtu aonaye pande zote za shauri kabla ya kuhukumu. Aliyekitazama kitu pasipo neno lake alihesabiwa kuwa hajakitazama bado. Biebuyck, aliyekaa na Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kitabu chake juu yao mwaka 1973, hakuifikia maana hata kidogo kwa kukodolea macho nukta. Aliifikia kwa kusikiliza methali, maelfu yake, katika mikutano ambayo ilibidi akubaliwe kuingia.

Je, serikali ya Kibelgiji ilifanya nini juu ya elimu hii? Mwaka 1948 iliipiga marufuku bwami. Vitu vikatawanyika, vingine vikaingia makumbusho ya Tervuren, vingine minadani Ulaya, na kila kitu kilipovuka bahari kiliacha methali zake nyuma. Hapo ndipo hisia zilipozaliwa! Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema neno la kitu, vibandiko vya vioo vilianza kunena juu ya utulivu wa uso huu, siri ya macho yale, huzuni ya mdomo ule. Hisia ni kile kinachobaki mikononi mwa mtazamaji baada ya maneno ya mwenye kitu kupotea. Mkasa kama huo umewapata na wanawake Wabambuti wa Ituri, ambao huchora kwa maji ya matunda ya pori na masizi juu ya magome ya mti yaliyopondwa na waume zao, mistari inayokatika na kuanza tena pasipo kufuata safu. Kitambaa kile kilikuwa cha kuvaa, kikakunjwa kiunoni na kutikiswa katika ngoma, nacho leo kimenyooshwa ndani ya fremu, na wajuzi wanabishana kama ni ramani ya msitu au ni muziki, pasipo kumsumbua aliyekichora.

Na sasa utaratibu ule ule umewarudia watoto. Karatasi inatoka Masisi, neno linabaki Masisi, na hisia zinatungwa njiani.

Sita, juu ya Darfur na Terezín

Wapinzani wangu wana ngome mbili za mwisho, na si haki kuzikwepa. Ya kwanza ni Darfur. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya michoro 500 hivi ya watoto wa Darfur waliokimbilia Chad, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikaipokea kuwa ushahidi wa kuonyesha mazingira ya makosa yaliyotendwa. Basi, husema, mchoro wa mtoto umeaminiwa hata na mahakama! Naam, lakini mchoro gani? Watoto wale walichora helikopta, vifaru, wapanda farasi wenye bunduki, nyumba zinazoungua. Walichora vitu, na waliulizwa vitu hivyo ni nini, wakajibu. Ushahidi ulikuwa katika sura na katika maneno. Hakuna hakimu aliyeletewa msokoto mwekundu akaambiwa aufanye kuwa shambulio la kijiji. Kuitumia heshima ya michoro ile kuupamba ufasiri wa mikwaruzo ni kuvaa kanzu ya mtu mwingine sikukuu.

Ngome ya pili ni Terezín, kambi ambamo Wajerumani waliwafungia Mayahudi wa Bohemia, na ambako Friedl Dicker-Brandeis, mwanafunzi wa zamani wa Bauhaus ile ile ya Kandinsky, aliwafundisha watoto kuchora tangu mwisho wa mwaka 1942 hadi alipopelekwa Auschwitz na kuuawa mwezi Oktoba 1944. Michoro zaidi ya 4,000 ilisalia. Watoto wengi walioichora hawakusalia. Mwanamke huyu alijua mchoro usio na sura: aliwapigia watoto mapigo wayafuate kwa mkono, mistari ikapanda na kushuka. Lakini humo katika michoro ile mna maua, mna vipepeo, mna meza zenye chakula, mna rangi zilizochangamka. Mfasiri wa semina zetu, akifuata kanuni zake kwa uaminifu, angeichambua, akaandika kwamba sehemu kubwa ya watoto wa Terezín wana afya njema ya nafsi na wanatazamia mambo mema. Mwalimu yule hakuandika hivyo, maana hakuwa akitafuta ugonjwa; alikuwa akifundisha kuchora. Na alisisitiza jambo moja ambalo kambi iliyowahesabu watu kwa namba haikulitaka: kila mtoto aandike jina lake juu ya karatasi yake. Katika taarifa za siku hizi jina la mtoto huondolewa kwa ajili ya usalama wake, na katika nchi yenye bunduki nyingi hilo ni sawa kabisa. Ila sioni ni usalama gani unaotaka na neno lake liondolewe pamoja na jina.

Saba, juu ya gharama isiyoandikwa

Wanasema kwamba hata kama ufasiri huu haujathibitishwa, hauna madhara. Unayo, na wa kwanza kudhurika ni mtoto aliyechora ng'ombe. Mchukulie mtoto wa malisho ya Masisi, aliyenyang'anywa ng'ombe wa baba yake na kumzika ndugu yake, naye akachora, kwa rangi ya kijani iliyobakia, kilima kizuri na ng'ombe watatu wanono. Kwa kanuni zilizopo mtoto huyu ni mzima. Aliyeketi karibu naye, ambaye alikosa usingizi kwa sababu ya kunguni, akakwaruza nyeusi, yeye ndiye atakayeitwa kando na kupewa mtu wa kumsikiliza. Halafu wafasiri hudhani kwamba mtoto hajui kinachotafutwa! Watoto wa kambi wamelelewa katika foleni. Wanajua gari lipi huleta unga na lipi huleta maswali, na ikiwa mchoro wa bunduki na damu unamkalisha mgeni chini kwa nusu saa, ilhali mchoro wa ua unapewa tabasamu moja na kuwekwa chini ya rundo, basi juma la pili bunduki zitaongezeka karatasini hata kama hazikuongezeka milimani.

Gharama kubwa zaidi ni ya habari yenyewe. Vita hivi vina tarehe na vina sababu. Mwaka 1993, mwezi Machi, watu walishambuliwa sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ukapanda Masisi. Na nyuma ya Ntoto kuna shauri la ardhi na la utemi lililochochewa tangu serikali ya kikoloni ilipoanza mwaka 1937 kuwaleta Wanyarwanda katika vilima vya Masisi, kazi iliyoendelea hadi 1955 pasipo Wahunde kuulizwa kwa namna iliyo ya haki wala waliohamishwa kuhakikishiwa hatima yao. Leo kuna koltani ya Rubaya na bati la Bisie, na watu wenye silaha wanaojua bei zake. Mtoto akisema, "Walikuja kutoka upande wa mgodi, mmoja alikuwa jirani yetu," amesema neno ambalo laweza kuandikwa, kuchunguzwa na siku moja kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Mtoto akichora msokoto na msokoto ukaitwa fadhaa, hakuna wa kushitakiwa. Fadhaa haina jirani, haina mgodi, haina kamanda. Ni rahisi kuichapisha katika taarifa ya mwaka, kwa sababu haimkasirishi mtu yeyote mwenye leseni, cheo au bunduki.

Tena kuna mwalimu wa mahali pale, mwanamume au mwanamke wa Nyabiondo au Mubi, ajuaye lugha mbili tatu za watoto hao, ajuaye ukoo wa kila mmoja na njia waliyopita. Katika shughuli hii kazi yake ni kugawa karatasi na kuzikusanya. Fasili hufanywa na mwingine, penginepo, baadaye.

Nimeulizwa: basi watoto wasichore? Wachore, na wapewe kalamu nyingi zaidi kuliko wanazopewa sasa, kwa sababu kuchora ni furaha na ni kazi ya mikono, na mtoto aliyekimbia vita ana haki ya vyote viwili pasipo kulipa kwa siri zake. Anayetaka maana na amwulize mchoraji, kwa lugha ya mama yake, kwa mdomo wa mtu anayemwamini. Jibu liandikwe nyuma ya karatasi kama lilivyotamkwa, hata likiwa ni kwamba hii ni barabara ya Mweso au hii si kitu. Akikataa kujibu iandikwe kwamba amekataa, wala kukataa kwake kusifanywe dalili. Kisha karatasi arudishiwe mwenyewe. Najua watakachosema. Watasema kwamba kumweka mtu ajuaye Kihunde na mwingine ajuaye Kinyanga katika kila kambi na kila shule ni ghali, na kwamba mradi ni wa miezi sita. Hapo angalau watakuwa wamesema kweli, na mjadala utakuwa umehama kutoka elimu ya nafsi kwenda katika hesabu ya fedha, ambako ndiko ulikostahili kuanzia.